Je, Dawa Mbili Zashinda Moja?



Juma hili naziweka kando barua za mahari, za mipaka ya mashamba na za watoto wanaotoroka shule, maana imenifikia barua moja isiyoweza kungoja zamu yake. Ameiandika dada mmoja, mtoto wa kwanza wa mzee ambaye jina lake silitaji, wala kijiji chake. Ni kurasa tatu za penseli, na swali lenyewe ameliweka katika mstari wa mwisho kabisa, kama mtu anayenong'ona akiwa amekwisha kushika mlango ili atoke: tusipouza shamba, je, tutakuwa ni sisi tuliomwua baba?

Habari yenyewe ni hii. Baba yake ana umri wa miaka 68. Mwaka jana alianza kuumwa kiuno, akadhani ni jembe. Akachuliwa kwa mafuta, akanywa dawa za mizizi, hata alipopelekwa hospitali kubwa ikaonekana kwamba ana saratani ya tezi dume, nayo imekwisha kutambaa mpaka mifupa ya mgongo. Wakamwanzishia sindano ya kila miezi mitatu, kisha wakamwongezea vidonge viitwavyo abirateroni pamoja na vile vidogo vya prednisoloni. Mzee akapata nafuu. Sasa aenda kanisani kwa miguu yake na kurudi. Ndipo ikaja simu kutoka Marekani. Mtoto wa shangazi yao, anayefanya kazi huko, amesema iko dawa nyingine iitwayo enzalutamidi, na kwamba mtu akizitumia zote mbili pamoja ugonjwa utapigwa huku na huku. Kaka wa dada huyu hakulala. Amekwisha kumpata mnunuzi wa shamba la kahawa, na mnunuzi amekwisha kulipima kwa hatua.

Mimi si daktari. Ni karani wa parokia, na kabla ya kushika vitabu vya ubatizo nilijifunza ualimu chuoni. Huko tulikatazwa jambo moja kwa ukali, yaani kumjibu mtoto kwa kubahatisha. Basi nikaichukua barua hii kwa mganga mmoja wa hospitali ninayemwamini, tukakaa jioni mbili tukisoma habari za majaribio ya dawa hizi. Nayaandika hapa niliyojifunza, wala si kwa ajili ya dada huyu peke yake. Akina baba wengi wana ugonjwa huu na hawausemi kwa sababu ya haya, hata mgongo uwasemee.

Tezi dume ni kinyama kidogo kilichokaa chini ya kibofu cha mkojo, nacho kimeuzunguka mrija wa mkojo kama shanga ilivyouzunguka uzi. Kila mwanamume anacho. Mtu akizeeka aghalabu hukua, na kukua tu si saratani. Walakini mara nyingine chembe zake huasi, zikazaana ovyo, zikatoka na kuhamia katika mifupa. Hapo madaktari hawasemi tena habari ya kuuondoa ugonjwa wote. Husema habari ya kuufunga kamba, mtu aishi miaka yake kwa nafuu.

Chembe hizo zina chakula chao, nacho ni homoni ya kiume, ambayo kwa sehemu kubwa hutengenezwa katika korodani. Jambo hili lilionyeshwa mwaka 1941 na daktari Charles Huggins wa Chuo Kikuu cha Chicago, pamoja na mwenzake Clarence Hodges. Waliwaondolea wagonjwa korodani, au waliwapa homoni za kike, na watu waliokuwa wakilia kwa maumivu ya mifupa wakapata nafuu. Mwaka 1966 Huggins akapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Sindano anayochomwa mzee wetu ni mjukuu wa kazi ileile. Huzinyamazisha korodani bila kisu. (Najua wapo watakaocheka kulisoma neno hili katika gazeti la jamaa. Wacheke, wakimaliza waendelee kusoma.)

Shida ni kwamba homoni hiyo haitoki katika korodani peke yake. Kiasi kidogo hutoka katika tezi zilizokaa juu ya figo, na saratani yenyewe ikikosa chakula hujifunza kujipikia. Ndiyo sababu baada ya miezi au miaka ugonjwa huamka tena. Abirateroni hulifunga jiko popote lilipo, katika korodani, juu ya figo, hata ndani ya saratani yenyewe. Enzalutamidi haifungi jiko. Huziba kinywa cha chembe isiweze kula kilichopikwa. Iko na ya tatu, dosetakseli, ambayo hutiwa katika mshipa. Hii haina habari ya chakula kabisa, bali huzishika chembe zinapotaka kugawanyika, zikafa.

Sasa mtu yeyote akisikia hayo atasema kama alivyosema yule ndugu wa Marekani: lifungeni jiko, na kinywa mkizibe pia. Mimi mwenyewe nilisema hivyo jioni ile ya kwanza. Mganga akatabasamu, akaniuliza, "Umejuaje, Bwana Karani?"

Nikanyamaza, maana sikuwa nimejua. Nilikuwa nimedhani.

Kabla ya kuendelea na saratani, akanikumbusha ugonjwa tunaoufahamu zaidi, yaani kifua kikuu. Dawa ya streptomaisini ilipopimwa Uingereza, na matokeo yake kutangazwa mwaka 1948, wagonjwa wengi walipata nafuu upesi, kisha vijidudu vikaizoea dawa, na baadhi yao wakarudi chini. Ikabidi kuipa dawa hiyo mwenzake. Basi tangu hapo waganga wakajua kwamba kifua kikuu hakitibiwi kwa dawa moja. Lakini ni ipi iende na ipi? Swali hilo lilijibiwa kwa sehemu kubwa hapa kwetu. Tangu miaka ya 1950 hospitali za Kenya, Uganda na Tanganyika zilishirikiana na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza kuzipima dawa kwa mafungu. Mwaka 1970 wakaanza jaribio la miezi 6, wakati dawa za kawaida zilikuwa za miezi 18. Wote walipewa streptomaisini na isoniazidi. Fungu moja likaongezewa rifampisini, jingine pirazinamidi, jingine thiasetazoni, na jingine halikuongezewa kitu. Matokeo yalitolewa mwaka 1972. Walioongezewa rifampisini, ugonjwa uliwarudia wachache mno. Walioongezewa thiasetazoni uliwarudia wengi, karibu sawa na wale wasioongezewa kitu. Nyongeza zote zilikuwa dawa za kweli, na kila moja ilikuwa na sababu nzuri ya kuongezwa. Kipimo peke yake ndicho kilichozitenga.

Wazee wetu waliolala katika vitanda vile ndio waliouonyesha ulimwengu kwamba miezi 6 yaweza kutosha. Sijaona hata barabara moja iliyopewa jina lao. Lakini tuendelee.

Jaribio kubwa la saratani ya tezi dume lilianza Uingereza mwaka 2005, nalo liliitwa STAMPEDE. Msimamizi wake alikuwa daktari Nicholas James. Baadaye hospitali za Uswisi zikajiunga, na mpaka kuandikisha watu kulipofungwa mwaka 2023, wanaume karibu 12,000 walikuwa wamekubali kuingia. Namna yake ya kazi inastahili kuelezwa polepole, kwa sababu wengi wetu tukisikia neno "jaribio" twaona panya ndani ya sanduku.

Kwanza, hakuna aliyeachwa bila dawa. Kila mtu alipata matibabu ya kawaida ya wakati ule, yaani ile sindano ya kunyima homoni. Kisha ikapigwa kura. Wengine wakabaki na sindano peke yake, wengine wakaongezewa dosetakseli, wengine dawa ya kukaza mifupa iitwayo asidi ya zoledroniki, wengine dawa ya maumivu iitwayo selekoksibu, na wengine mbili kati ya hizo. Kura hiyo haikupigwa na daktari, wala na mgonjwa. Nilimwuliza mganga kwa nini daktari asichague mwenyewe, maana ndiye amjuaye mgonjwa. Akaniambia, "Kwa sababu anamjua." Daktari mwenye huruma atampa dawa mpya yule mwenye nguvu, anayeonekana ataivumilia. Mwisho wa mwaka walio na dawa mpya watakuwa hai kuliko wenzao, nasi tutaisifu dawa, kumbe ni nguvu zao za mwanzo. Kura haina huruma wala upendeleo, kwa hiyo hugawa wenye nguvu na wanyonge sawasawa pande zote.

Pili, fungu moja la wasioongezewa kitu lilitumika kulinganisha mafungu mengine yote, kama rula moja inavyopima mbao nyingi. Kwa hiyo hawakuhitaji jaribio jipya kwa kila dawa. Na tatu, waliweka vituo njiani. Dawa ikifika kituo haijaonyesha dalili ya kufaa, fungu lake hufungwa, watu wasiendelee kuimeza bure. Ndivyo mafungu ya selekoksibu yalivyofungwa mwaka 2011. Na dawa mpya ikipatikana, fungu lake lilifunguliwa katika jaribio lilelile. Abirateroni iliingia mwaka 2011, na fungu la abirateroni pamoja na enzalutamidi likaingia mwaka 2014. Dada yangu, hilo fungu la mwisho ndilo swali la shamba lenu. Walikwisha kuliuliza.

Lakini twende kwa utaratibu. Matokeo ya kwanza makubwa yalitolewa katika miaka ya 2015 na 2016. Ili kuyaeleza, wapange wanaume wote wa fungu moja katika mstari, kuanzia aliyeishi muda mfupi mpaka aliyeishi mrefu, kisha mwangalie yule aliyesimama katikati. Miongoni mwa wale ambao ugonjwa wao ulikuwa umesambaa, mtu wa katikati wa fungu la sindano peke yake aliishi miezi 45. Yule wa fungu lililoongezewa dosetakseli aliishi miezi 60. Ni mwaka na robo zaidi. Mtu anayeona mwaka na robo ni kitu kidogo, na amwulize bibi anayengoja mjukuu azaliwe. Asidi ya zoledroniki, ambayo wengi waliitumaini kwa kuwa ugonjwa huu hupenda mifupa, haikuongeza maisha.

Mwaka 2017 ikaja zamu ya abirateroni. Kati ya wanaume 1,917, ambao baadhi yao ugonjwa ulikuwa bado haujasambaa, walioongezewa abirateroni walikuwa hai baada ya miaka mitatu 83 katika kila 100, na waliobaki na matibabu ya kawaida 76. Jaribio jingine lililoitwa LATITUDE, la wanaume 1,199 wenye ugonjwa uliosambaa na mkali, lilitoa jibu la namna hiyohiyo mwaka uleule. Basi mzee wenu amepewa nyongeza iliyopimwa, dada, tena ikapimwa mara mbili. Hakupewa dawa ya maskini. Tangu mwaka 2019 dawa hiyo imo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani.

Sasa twende kwenye enzalutamidi juu ya abirateroni. Watu 916 waliingia katika sehemu hiyo ya jaribio, na majibu ya muda mrefu yalitolewa mwaka 2023, yakiwekwa kando ya yale ya abirateroni peke yake. Abirateroni peke yake iliipunguza hatari ya kufa kwa karibu 38 katika kila 100, ikilinganishwa na fungu lake la kawaida. Abirateroni na enzalutamidi pamoja ziliipunguza kwa karibu 35. Msomaji asikimbie kusema kwamba mbili ni mbaya kuliko moja. Tofauti hiyo ni ndogo, yaweza kuwa ni bahati tu. Lakini hakuna awezaye kusema kwamba ya pili iliongeza kitu.

Upande wa madhara ndipo ilipoongeza. Katika miaka mitano ya kwanza, waliopata madhara makali walikuwa 54 katika kila 100 kwa wenye abirateroni, na fungu lao la kawaida 38. Kwa wenye dawa mbili walikuwa 68, na fungu lao la kawaida 45. Waliolifanya jaribio hilo wakaandika bila kuzunguka kwamba dawa hizi mbili zisichanganywe kwa wagonjwa wanaoanza matibabu ya muda mrefu ya kunyima homoni.

Jaribio jingine lilifanyika Amerika ya Kaskazini, kwa wanaume 1,311 ambao saratani ilikuwa imekwisha kuishinda sindano. Nusu walipewa enzalutamidi, nusu enzalutamidi na abirateroni. Mtu wa katikati wa fungu la kwanza aliishi miezi 32.7, na wa fungu la pili miezi 34.2, tofauti ambayo wenye jaribio hawakuihesabu kuwa ushindi. Hapo tena wakagundua jambo lililonifanya nisimame na kuzunguka meza: enzalutamidi huharakisha mwili kuitoa abirateroni. Waliomeza zote mbili walikuwa wakiipoteza abirateroni kwa kasi zaidi ya mara mbili. Ni kama kumwajiri mlinzi wa pili, naye kila usiku akamfukuza wa kwanza langoni.

Kwa akili zetu za mezani hatungelijua hilo kamwe. Jiko na kinywa ulikuwa mfano mzuri, nami niliupenda, lakini mfano haukujua ini linafanya nini.

Yako na mabaya zaidi. Kuna dawa ya mionzi, radiamu 223, inayokwenda katika mifupa yenye saratani na kuichoma pale pale. Peke yake ilikuwa imewaongezea watu maisha. Abirateroni nayo hivyohivyo. Basi kati ya miaka ya 2014 na 2016 wanaume 806 wakagawanywa kwa kura, wote wapate abirateroni, na nusu yao wapate radiamu juu yake. Mwaka 2017 wasimamizi wakalazimika kulifungua jaribio kabla ya wakati. Waliopata dawa zote mbili walikuwa wakivunjika mifupa, 29 katika kila 100, na wenzao 11. Hata vifo vilizidi. Dawa mbili njema zilikuwa zimekutana katika mfupa uleule.

Ningeweza kuishia hapo nikaandika kwamba mtu ashike dawa moja tu. Ningekuwa nimedanganya. Radiamu ilipimwa pia pamoja na enzalutamidi, na njiani dawa ya kukaza mifupa ikafanywa ya lazima kwa wagonjwa, na mwaka 2024 ikatangazwa kwamba mchanganyiko huo uliwasaidia. Na mwaka 2022 zilitoka habari za majaribio mawili ya dawa tatu. Moja, la wanaume 1,306, liliongeza darolutamidi, ambayo ni ndugu wa enzalutamidi, juu ya sindano na dosetakseli. Baada ya miaka minne walikuwa hai 63 katika kila 100, na wenzao waliopata sindano na dosetakseli tu walikuwa 50. La pili liliongeza abirateroni juu ya sindano na dosetakseli, nalo likafaulu kwa wale ambao ugonjwa wao ulikuwa umesambaa sana. Kwa hiyo yapo mafungu ya dawa tatu yanayosaidia, na yapo ya dawa mbili yanayovunja mifupa. Kuhesabu dawa hakusaidii kitu. Swali ni dawa ipi juu ya ipi, kwa mgonjwa gani, na katika hatua gani ya ugonjwa.

Neno moja la uchungu niliseme, kisha niliache. Watu wengi mno walioingia katika majaribio hayo ya Ulaya na Amerika walikuwa Wazungu. Nao wanaume wenye asili ya Afrika ndio ugonjwa huu unaowapata zaidi na kuwaua zaidi katika nchi hizo. Katika kifua kikuu tulikuwa vitandani na majibu yakawa yetu pia. Katika jambo hili twasoma majibu ya wengine na kuyapima mwilini mwetu. Siku daktari atakapomwita mzee wa kijiji na kumweleza habari ya jaribio la kweli, lenye karatasi ya ridhaa na ruhusa ya kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu, ningependa mzee huyo asikimbie kabla ya kuuliza maswali yake.

Sasa nakujibu, dada yangu. Kwa ajili ya kuongeza enzalutamidi juu ya abirateroni, msiuze shamba. Mwambie kaka yako, tena mwambie kwa upole, maana amefanya kama mwana ampendaye baba yake. Na yule ndugu wa Marekani mwambieni asante, kwa kuwa dawa aliyoitaja ni dawa njema mahali pake. Mnunuzi naye apewe chai, arudi kwake. Ikiwa siku moja abirateroni itashindwa, daktari aweza kusema habari ya kubadili. Kubadili si kuongeza, na hesabu yake ni nyingine. Waulizeni pia kama dosetakseli ilifikiriwa kwa mzee wenu, na kama haikufikiriwa, kwa nini. Huenda moyo wake au umri wake ndio sababu. Kuuliza si kumvunjia daktari heshima.

Fedha iliyopo ifanye kazi hizi kwanza. Sindano ya kila miezi mitatu isikosekane kwa ajili ya nauli. Kukosa sindano hiyo kwaweza kudhuru kuliko kukosa dawa yoyote mpya. Ikiwa sindano yenyewe ndiyo inayowashinda, iko njia ya zamani ya Huggins, upasuaji mdogo wa kuondoa korodani, unaofanywa mara moja tu na kufanya kazi ileile. Wazee wengi huukataa hata kabla sentensi haijaisha. Amwulize daktari kwanza, akatae baadaye akitaka. Kisha apimwe shinikizo la damu, na damu yake iangaliwe ini na chumvi zake, maana abirateroni huvisumbua hivyo. Vile vidonge vidogo vya prednisoloni asiviache ghafula kwa kuona ni vidogo. Vimewekwa pale kwa sababu ya dawa kubwa. Wala asiongeze mizizi juu ya dawa pasipo kumwambia daktari. Umeona jinsi dawa moja inavyoweza kuifukuza nyingine, na hizo zilikuwa zimepimwa.

Na hili ulisomee jamaa wote wa nyumba, hata watoto. Mzee akianza kulegea miguu, au kufa ganzi kuanzia kiunoni, au mkojo ukamzuia, msingoje siku ya kliniki. Mpelekeni hospitali siku ileile, usiku au mchana. Huenda mgongo umeubana uti, na mtu aliyechelewa hapo aweza asisimame tena.

Umeniuliza kama mtakuwa ninyi mliomwua. Mzee ameletwa hospitali na watoto wake, ananunuliwa vidonge na watoto wake, na binti yake ameandika kurasa tatu kumwulizia. Sioni katika barua hii mtu anayemwua.

Jambo la mwisho. Penseli yako ilifutika njiani, katika ukurasa wa pili, pale ulipotaja jina la ile sindano na tarehe aliyochomwa mara ya mwisho. Nilijaribu hata kuinamisha karatasi kwenye taa, sikusoma kitu. Nakili majina yote kutoka kwenye maboksi yenyewe, kwa wino, pamoja na tarehe, uiweke karatasi hiyo katika mfuko wa koti la baba aendalo nalo hospitali. Nakala nyingine nitumie mimi, mganga wetu ameomba kuiona.

Juma lijalo, Mungu akipenda, nitazirudia barua za mipaka ya mashamba. Ziko kumi na moja.